Mfupa Katika Boksi la Tende

Bagamoyo
19 Mei 2025

Mwanangu Hafidha,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Singida, wewe na mumeo Muhidini. Sisi huku tu wazima kwa uwezo wake Mola. Mjomba wako Rajabu goti bado linamsumbua, mdomo haumsumbui. Mama yako alikuja kutoka Pangani, akalala siku moja, akasema anawahi kuku wake wasije wakaibiwa. Mtu anamwacha dada yake aliyefiwa, anakwenda kulinda kuku. Nimemwambia hivyo hivyo usoni, kwa hiyo akikulalamikia ujue nimemtangulia.

Naila anaendelea na eda humu humu kwangu, chumba cha uani. Hapaki wanja, hatoki, na maneno yake siku hizi yamekuwa machache. Napika, anakula kidogo, tunasali, tunalala. Mimi nimefiwa na mwana, yeye na mume, na ni mtu yule yule mmoja, basi hata kufarijiana tunashindwa.

Utashangaa kupata barua ya wino zama hizi. Macho yangu hayaoni tena maandishi ya simu, anayenisomea ni Mwanaasha wa nyumba ya pili, na neno likishaingia kwa Mwanaasha limeshafika sokoni. Lile kundi lenu la familia la kwenye simu ndiyo sitaki hata kulisikia. Basi nimempa kondakta boksi hili mkononi, nikamwambia ni tende. Usimpe mtu alifungue.

Unajua kuwa Shamsudin wetu alichukuliwa na mafuriko kule kwenye majaruba ya chumvi alikokuwa akifanya kazi, Idi ikiwa karibu. Unajua na kwamba baadaye wenzake waliona mifupa miwili mirefu ya mguu kwenye matope ya mikoko, jirani na pale ilipookotwa kandambili yake. Rajabu akasema mambo ya kupeleka Dar kupimwa hayataki, mtoto atakaa huko mpaka mwakani hajazikwa. Tukaosha, tukakafini, tukasalia, tukazika ubavuni mwa baba yake. Wewe hukuwahi kufika na sikulaumu, Singida si Kerege hapa jirani.

Sasa juzi wameleta mfupa mwingine, umetoka pale pale. Mwembamba, umenyooka, mwisho wake mmoja ni mviringo kama kapi la kisima. Rajabu anataka tufungue kaburi pembeni tuuweke na wenzake. Mimi nimesema tusubiri. Wewe umesomea mifupa. Ya ng'ombe, najua, lakini mfupa ni mfupa. Niambie ni wa mkono au wa mguu, tujue tunaulaza upande gani. Hilo tu. Na usimwambie mtu, hata mama yako.

Mimi mama yako mkubwa,
Biubwa


Singida
11 Juni 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Tulikuwa vijijini tunachanja ng'ombe, na nilivyorudi tu Idi ya kuchinja ikawa imefika, nikashinda siku nzima nakagua nyama za watu na yangu ikachelewa kuiva. Muhidini anakuamkia. Amehamishiwa shule ya mbali kidogo, anaondoka alfajiri na pikipiki, anarudi mwekundu kwa vumbi. Mama kanipigia, ndiyo, amelalamika, nami nimejifanya sijui lolote.

Boksi limefika salama. Nililifungua nikiwa peke yangu.

Kabla sijakujibu, mama mkubwa, naomba uniambie mambo machache. Ile miwili mliyoizika ilikuwaje? Ilikuwa na harufu, ilikuwa na ngozi au mishipa, au ilikuwa mikavu tayari? Rangi yake? Kama mmoja ulikuwa wa paja, ungefika wapi kwenye paja lako? Na nani hasa aliyeitazama akasema ni ya Shamsudin?

Najua si maswali ya kumuuliza mfiwa. Ningekuwa na njia nyingine nisingeuliza. Kaburi msilifungue kwanza, mwambie mjomba Rajabu asubiri jibu langu. Boksi nimelifunga, nimeliweka juu ya kabati.

Msalimie Naila, mwambie namkumbuka.

Mwanao,
Hafidha


Bagamoyo
30 Juni 2025

Mwanangu Hafidha,

Wa alaikumu ssalaam, na marahaba. Pole kwa vumbi la Muhidini. Huku mvua zimekwisha, upepo wa kusi unapeperusha hata mawazo. Rajabu ameacha kuvuta tumbaku kwa mara ya nne.

Nimekuuliza mkono au mguu, umeniuliza maswali kama karani wa vizazi na vifo. Haya, nitajibu, kwa sababu wewe ni mtoto niliyekulea na najua huulizi la bure.

Ilikuwa mikavu. Myeupe, ina nyufa nyembamba kwa urefu wake, kama ukuni uliokaa sana juani. Harufu haikuwepo. Rajabu alisema kaa na mbwa wamefanya kazi yao, jua likamalizia. Ule wa paja ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia, kwani Shamsudin alinizidi kichwa kizima, lakini ncha zake zilikuwa zimetafunwa, nani angepima.

Umeuliza nani aliyesema ni yeye. Ni mimi.

Waliileta kwenye sinia, imefunikwa kitambaa. Wanaume wote wamesimama ukumbini wananitazama. Rajabu akaniuliza, "Biubwa, utamtambua?" Nikapapasa. Ule wa paja, upande wa nje, ulikuwa na kinundu kimejitokeza. Unakumbuka alivyoanguka kwenye mkorosho akiwa mdogo, akavunjika mguu, akafungwa mabanzi? Nikasema, ndiye. Hapakuwa na aliyeuliza tena. Sheikh alisema mama akishatambua, imetosha.

Sasa jambo jingine, ulijue kutoka kwangu. Kuna mtu wa Pangani, Shuaibu, muuza mbao, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Hajaposa, maana mwenye eda haposwi, lakini ameshapitisha maneno kwa wazee wa Naila kule Kerege kwamba eda ikimalizika yeye yupo. Ni mtu mzuri, mtaratibu. Wazee wanataka iwe mfungo sita, Maulidi yakishapita. Naila ni mtoto bado, siwezi kumfuga ndani kwa ajili ya huzuni yangu. Nimeridhia.

Haya, nimejibu yako yote. Nijibu langu moja.

Mama yako mkubwa,
Biubwa


Singida
14 Julai 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Muhidini ameumia kidole cha mguu kwa pikipiki, si sana. Hii ni barua ya nne ninayoiandika. Tatu nimezichana, kwa sababu kila nikifika mahali pa kusema nilikuwa nageuka na kukuuliza habari za goti la mjomba.

Ule mfupa si wa mkono wala si wa mguu wa Shamsudin. Si wa binadamu. Binadamu hana mfupa huo mwilini mwake. Kati ya kifundo cha mguu na vidole sisi tuna vifupa vitano vifupi, kila kidole na chake. Mnyama mwenye kwato ana mmoja mrefu, ndio anaousimamia. Wewe umepika makongoro maisha yako yote, unaujua. Kumbuka wa ng'ombe unavyoishia: umegawanyika vichwa viwili, kwa sababu kwato yake imepasuka. Wa mbuzi vivyo hivyo. Huu una kichwa kimoja tu, lile kapi uliloliona, na nyuma yake umeganda vijiti viwili vyembamba, kimoja kila upande. Ni wa mnyama mwenye kwato nzima. Na Bagamoyo hatuna farasi. Ni punda, mama.

Ungekuwa huo peke yake ningesema umechanganyika na ile mingine kwa bahati. Lakini kinundu ulichokipapasa, paja la kila punda linacho, upande huo huo wa nje. Hapa Singida punda ni wengi na mizoga yao nimeiona mingi. Shamsudin hakuvunjika paja. Alivunjika muundi, chini ya goti. Mimi nilikuwepo, ndiye niliyemshika kichwa walipokuwa wakimfunga mabanzi, aliniuma mkono. Na mfupa ulioingia nyufa kwa urefu umekaa juani mwaka na zaidi. Huyo punda alikufa kabla ya mafuriko, labda ni wa wale wanaokokota chumvi, akatupwa mikokoni.

Tumemwosha punda, tukamkafini, tukamsalia. Naona haya kukuandikia maneno haya. Naona haya zaidi kwa sababu nililijua siku ile ile nilipofungua boksi, nikakuandikia maswali badala ya jibu. Nilitumai utaniambia kitu kitakachonikanusha.

Shamsudin sijui alipo. Huenda maji yalimchukua kweli. Lakini sasa hatuna chochote cha kumhesabia mfu, na Naila anahesabiwa mjane kwa mifupa ya punda. Akiolewa na Shuaibu na mumewe yu hai mahali, hiyo itakuwa ndoa gani? Mwambie sheikh kabla eda haijaisha. Tafadhali, mama mkubwa.

Mwanao,
Hafidha


Bagamoyo
9 Agosti 2025

Hafidha,

Salaam. Wote wazima.

Barua yako niliisoma peke yangu, nikaichoma jikoni. Naila ametoka eda. Tumemwogesha, wamekuja wanawake wa Kerege na vyombo vyao, wamekula, wamemwombea dua. Harusi ni baada ya Maulidi.

Mfupa uwe wa punda, uwe wa ngamia, mwanangu alikwenda na maji, kandambili yake iliokotwa. Mji mzima ulikuja kunipa pole katika ukumbi huu. Walikula hitima yake. Wazee waliotembea kwa mkongojo walikwenda mpaka makaburini kumzika. Unataka nisimame niwaambie nini?

Huo ulio nao utupe. Na neno hili tusiliseme tena.

Biubwa


Singida
17 Agosti 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimepokea. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, Muhidini akasikia, na sasa yeye pia anajua. Ukasirike na mimi, yeye hana kosa.

Sikuutupa mfupa na sitautupa.

Mimi nakujua tangu ningali nanyonya. Wewe hukubali samaki wa jana kwa muuzaji unayemwita ndugu yako. Unamfunua samaki huyo mashavu hadharani. Leo nakuambia kitu ambacho hata mtoto akipewa makongoro atakiona, na wewe unafumba macho. Kwa nini? Haya ya watu naijua, ni nzito, lakini si ya kukufanya umwoze mke wa mtu. Kuna kitu hunielezi. Shamsudin alikuwa na chumba na mke hapo hapo kwako. Alikwenda kulala kibandani kwenye majaruba kwenye mvua za masika, mwezi wa Ramadhani, kwa lipi? Niliuliza wakati wa msiba, kila mtu akaniambia nimuulize mwingine.

Maulidi yakifika na hujasema, nitakuja mwenyewe na boksi langu nilifungue mbele ya sheikh na wazee wa Naila. Najua ni utovu wa adabu kumwambia mama yangu hivi. Nimelia kabla ya kuandika na nitalia nikishatuma.

Mwanao, hata ukinikana,
Hafidha


Bagamoyo
2 Septemba 2025

Mwanangu Hafidha,

Assalamu alaikum. Sisi tu wazima wa mwili. Mwambie Muhidini namsalimu na asiendeshe pikipiki kama anafukuzwa. Rajabu hasemi na mimi, nitakueleza.

Umenitishia, mtoto wewe. Kwanza nilikasirika nikasusa kula, halafu njaa ikaniuma, nikala, nikafikiri. Sikukani.

Nilimfukuza mimi. Siku ile baba yake Naila alikuja kufuturu kwetu na watu wake, na kabla hajakaa mkekani akaniita pembeni akaniambia amemkuta Shamsudin adhuhuri, pale Kerege, kwenye kibanda nyuma ya maduka, anakula chipsi. Mchana wa Ramadhani. Mwana wa marehemu mwalimu wa chuo cha Kurani, anakula amejificha kama paka. Shamsudin alipokuja na kukaa kufungua na wenzake, nilimpokonya kikombe cha uji mkononi mbele ya wageni wote. Nikamwambia, "Ondoka. Usirudi mlangoni kwangu ila umebebwa jenezani." Alivaa kandambili zake akatoka. Ndiyo akaenda kulala kwenye majaruba, na siku ya tatu maji yakaja.

Waliponiletea lile sinia, kuliko huzuni, nilikuwa na aibu. Nilijua Mungu amelipokea neno langu kama nilivyolitoa. Nilisema "ndiye" haraka, ili wale wanaume waache kunitazama. Nilitaka awe yeye, ili yaishe. Mkono wangu ulipapasa ule mfupa, lakini kumtafuta mwanangu sikumtafuta.

Na ulivyoniandikia ni punda, usidhani niliogopa kuchekwa peke yake. Niliogopa kwamba yu hai. Mtoto aliyekufa hana kinyongo na mama yake. Lakini mtoto aliye hai, anayejua mama analia, na asije? Hiyo sikuwa na pa kuiweka.

Nilianza na Naila. Nilimwambia yote, la punda na la jeneza, maana siku ile yeye alikuwa jikoni anakaanga sambusa na hakunisikia. Akasema, "Mama, yule hakula kwa kiburi. Ana sukari. Daktari alimkataza kufunga, na aliniapisha nisikuambie, alikuwa anaona haya, mtu wa umri wake na maradhi ya wazee." Hafidha, mgonjwa ana ruhusa. Kitabu kimempa, Mungu amempa, mimi nikamnyima kikombe cha uji. Nikamuuliza Naila kwa nini hakuniambia baadaye. Akasema, "Ulikuwa umeshamzika, ningekuambia ili iweje?"

Nikaenda kwa sheikh. Akasikitika, akasema Ijumaa atawatangazia watu kuwa imeonekana kuna kasoro katika utambuzi. Nikamwambia hapana, wazee wa Kerege watasema kasoro si kitu, harusi iendelee. Sema punda, na sema ni Biubwa aliyekosea. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Akasema. Kicheko kilianzia msikitini, watu wanajizuia na hawawezi. Vijana wa Rajabu wamefukua kaburi, wamekwenda kuifukia mifupa nje ya uzio. Rajabu ndiye aliyemwosha, yaani aliyeiosha, na sasa kijiweni wanamuuliza kama alimtawadhisha na kwato. Amesema hatanyanyua mguu wake kuja kwangu mpaka afe. Watoto wakipita dirishani kwangu wanalia kama punda. Wanawake hawanicheki mbele yangu, wananiuliza hali kwa sauti ya kulainisha, hiyo ni mbaya zaidi. Shuaibu ametuma ujumbe wa heshima kwamba anajitoa mpaka ijulikane. Ni mtu mzuri, nilikuambia.

Maulidi siendi. Sokoni nakwenda kabla hakujapambazuka vizuri. Nimesema kama ulivyotaka, na moyo wangu haujapoa, usiniambie nimefanya vyema.

Mama yako,
Biubwa


Singida
13 Septemba 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Hapa jua kali, maji ya kisima yamepungua.

Sitakuambia umefanya vyema. Nakuambia tu kwamba niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Nilidhani nakulazimisha kusema habari ya mfupa, sikujua nakulazimisha hilo jingine. Naona haya kwa ukali wangu, ingawa ningerudishwa nyuma ningefanya tena.

Niliongea na mama kwenye simu. Ameshasikia, mpaka Pangani, kwa mtu aliyesikia kwa dereva. Hakucheka. Alisema, "Dada yangu huyo?" kisha akasema atakuja na kuku wake wote ikibidi.

Likizo yangu ni mwezi wa kumi na moja. Nitakuja. Nitapita mtaani na wewe mchana.

Mwanao,
Hafidha


Bagamoyo
5 Oktoba 2025

Mwanangu Hafidha,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mama yako yupo hapa, kaja na kuku wawili, wananinyea uani. Naandika haraka haraka, usome polepole.

Shamsudin amekuja.

Alhamisi, nachambua mchele ukumbini, mtu akapiga hodi. Hodi ile ile ya kwake, ya vidole viwili. Sikuinuka. Mama yako ndiye aliyefungua, akapiga yowe moja, akakaa chini pale pale mlangoni. Yeye akabaki nje. Amekonda, amepauka, amevaa shati la mtu mwingine. Hakuvuka kizingiti. Nikaelewa kwa nini. Nikamwambia, "Ingia baba." Akasema, "Sijabebwa, mama."

Alikuwa Chalinze miezi yote, anapakua malori. Usiku wa maji aliamka kibanda kinaelea, akaogelea na mguu mmoja mtupu, akatokea barabarani, akapanda lori la kwanza lililosimama. Alisema angerudi hasira yangu ikishuka. Halafu mtu wa huku akapita Chalinze akahadithia kuwa Biubwa amemzika mwanawe na hitima imesomwa. Hafidha, hakujua habari ya mifupa. Yule mtu hakuitaja, au hakuijua. Shamsudin alielewa kwamba nimetimiza neno langu: nimemtoa kwenye hesabu ya watoto, nimemsomea angali hai ili mji ujue sina mwana. Akasema moyoni, mama akishakuzika, huna pa kurudi. Na Naila je, nikamuuliza, alikosa nini? Akainama. Akasema alidhani Naila amekubaliana nasi, na mwanaume aliyezikwa na mama yake angemwendea mkewe kwa uso gani.

Mwezi uliopita dereva mmoja akashusha mzigo pale anawachekesha vibarua. Habari ya mwanamke wa Bagamoyo aliyemsalia punda. Jinsi alivyolia juu ya sinia, jinsi alivyosema ndiye. Wote wakaanguka kwa kicheko, na yeye akacheka. Akauliza, alidhani punda ni nani? Dereva akasema, mwanawe, alichukuliwa na maji, wanamwita Shamsudin.

Akaniambia, "Mama, sikujua kama ulinililia."

Angalia basi. Ile pole ya mji mzima na ile hitima ya heshima ilimfikia ikamfukuza zaidi. Kicheko ndicho kilichomleta. Ningelinyamazia lile jambo, angekuwa bado anapakua malori na mimi bado naheshimiwa.

Nilitaka nimwombe radhi, akaniwahi, akapiga magoti aniombe yeye. Tukawa tunagombania nani aombe. Mwishowe nikatia maji kinywani, nikampulizia kifuani kama mama yetu alivyokuwa akitufanyia akitusamehe, nikasema nimelifuta neno langu, dunia na akhera. Kisha nikamwambia na wewe unifutie. Alikataa, akasema mtoto hana uwezo huo. Nikamwambia unao, sema. Akasema, kwa sauti ndogo. Nilimpikia uji, hauna sukari, akanywa mbele yangu kikombe kizima.

Naila hajamfungulia. Amesema kwa nyuma ya mlango kwamba alikaa eda ya mtu anayekula wali wa nazi Chalinze, na atamfungulia siku atakayotaka yeye. Ana haki. Shamsudin analala ukumbini, kila asubuhi anampelekea maji ya kuoga mpaka mlangoni, anayaacha, anaondoka. Jana ndoo ilirudishwa tupu. Tunangoja.

Jana hiyo hiyo, baada ya adhuhuri, akasema anataka kwenda kumwamkia mjomba Rajabu. Nikamwambia apite njia ya nyuma, kwa uani wa jirani, watu wamelala. Akasema, "Nimetosheka na kujificha. Vaa buibui, mama, twende wote."

Tukapita katikati ya mtaa, jua la saa nane. Milango ikafunguka. Mwanaasha akasahau hata kusalimu. Nilikuwa nimeinamisha uso mpaka naona vidole vyangu tu, naona haya ya yote, ya kikombe, ya sinia, ya kuogopa kwamba yu hai. Tulipofika kona, kitoto kimoja kisichojua lolote kikanitambua, kikalia kama punda kama walivyozoea. Barabara nzima ikageuka kunitazama. Nikasimama.

Shamsudin akageuka, akaitika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake: "Naam."

Nilicheka, Hafidha. Nilicheka pale mtaani nikalishikilia bega lake nisianguke, na watu wakacheka nasi, na tukaendelea na safari yetu kwa Rajabu.

Mama yako mkubwa,
Biubwa